Goti Lilivunjikia Wapi

"Wanasema tumebisha mlango usio wetu," alisema Wakili Hortense, akamsogezea Lameck karatasi kabla hata hajavua koti.

Ofisi ilikuwa Skärholmen, kitongoji cha Stockholm, juu ya uwanja wa soko, na sauti za wauza matunda zilipanda mpaka dirishani. Hortense alizaliwa Goma akakulia Uswidi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na mawakili wa upande wa pili walikuwa wakichelewa kugundua kwamba upole ule haukuwa woga. Lameck Onyango, mtu wa Shirati, alikuwa amechunguza ajali kwa niaba ya kampuni za bima kwa sehemu kubwa ya maisha yake kabla ya kuhamia upande wa walioumia. Kazi aliyopewa na Hortense ilikuwa moja: kujua kilichotokea kweli, hata kama kweli yenyewe ingeiumiza kesi.

Alisoma akiwa amesimama. Kesi aliijua. Mama Maombi Kavira, kiongozi wa kwaya ya Wakongo ya Alby, alianguka kutoka jukwaani kwenye tamasha la kiangazi kule Jakobsberg, kidato cha ngazi kilipochomoka chini ya mguu wake. Goti la kulia lilisagika. Alipasuliwa, akapona nusu, akapasuliwa tena, mwishowe akawekewa goti la chuma, na kazi ya kutunza wazee aliyokuwa akiipenda ikamtoka mkononi. Jukwaa lilikodiwa na kwaya yenyewe kutoka kampuni ya Kifini yenye makao yake Turku, ng'ambo ya maji, na mafundi wa kampuni hiyo ndio waliolifunga. Hortense alikuwa amepeleka madai kwenye mahakama ya Sollentuna, ambayo ndiyo inayosikiliza mambo ya Jakobsberg.

Sasa kampuni ilikuwa imejibu. Ilidai kwamba Mama Maombi hakuumia Jakobsberg hata kidogo. Aliumia Turku, wiki moja kabla, kwaya ilipokwenda kuimba huko juu ya jukwaa hilohilo, na Jakobsberg alikuja kumalizia tu goti lililokwisha haribika. Kulikuwa na nakala ya hospitali ya Turku: Maombi Kavira, ameanguka jukwaani, ufa kwenye pia ya goti la kulia.

"Goti lilelile," Lameck alisema.

"Goti lilelile, jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa. Fundi wao ndiye aliyempeleka hospitali, na nakala ikabaki kwenye bima yao."

"Na wakikubaliwa?"

Hortense alivua miwani. "Watu wa kwaya walitaka nipeleke kesi mahakama ya katikati ya mji, ati kesi kubwa iende jengo kubwa. Mama mwenyewe alidhani itakuwa Flemingsberg, kwa kuwa anakaa Alby na watu wa Alby huenda huko. Lakini anapokaa aliyeumia hapahesabiwi. Ukimdai mtu wa nchi nyingine ya Ulaya una milango miwili: kwao mdaiwa, au mahali madhara yalipotokea. Kwao mdaiwa ni Turku. Madhara yalitokea Jakobsberg. Ndiyo maana nikachagua Sollentuna."

"Na kama yalitokea Turku?"

"Basi milango yote miwili iko Turku, na sheria itakayotumika ni ya Kifini. Huko dai kama hili hufa baada ya miaka mitatu tangu ujue umeumia. Hapa ni kumi. Mama alingoja akitumaini mguu utapona, na mitatu imeshapita. Tukivuka maji tutakuta mlango umefungwa."

Lameck aliiweka karatasi mezani taratibu. Ilikuwa hoja nzuri, imejengwa na mtu anayeijua kazi yake, na hakuona aibu kuisifu moyoni. "Kwa hiyo hawagombei mahakama."

"Wanagombea kesi nzima. Mahakama ni jina tu waliloupa ugomvi huo." Hortense alivaa miwani. "Nenda kamwulize mteja wangu kama amenidanganya. Kama amenidanganya nitaiondoa kesi mimi mwenyewe, kabla ya jaji kuniaibisha."

Treni ya chini ilimfikisha Alby kabla ya saa sita mchana. Mama Maombi alimfungulia mwenyewe, akiegemea fimbo, mwanamke mnene mwenye kimo aliyefunga kitenge cha buluu juu ya sweta zito. Mumewe Clovis alikuwa kazini. Alimketisha Lameck jikoni, akamimina chai ya maziwa, akaunyoosha mguu wake mgonjwa juu ya kigoda.

"Papa Lameck, kunywa kwanza. Baridi ya leo inauma mifupa."

Lameck alikunywa kidogo, kisha akauliza bila kuzunguka. "Mama, uliwahi kuanguka Turku?"

"Hapana. Sikuangukaka Turku."

"Ulifika hospitali ya Turku?"

"Nilifika."

"Kutibiwa?"

"Kusindikiza."

"Kumsindikiza nani?"

"Mutu."

Lameck alitoa nakala, akaitandaza mbele yake. "Jina lililoandikwa hapa ni lako."

"Najua kusoma, papa."

Alisema hivyo bila hasira, akairudisha karatasi kwa kidole kimoja. Lameck alikuwa amehoji waongo wengi maishani. Mwongo hueleza, tena hueleza zaidi ya alivyoulizwa. Huyu alikuwa amejibu kila swali kwa neno moja au mawili, na macho yake hayakuhama.

"Mama, sikiliza. Wakili anahitaji jina la huyo mtu. Bila jina, jaji ataona karatasi ya hospitali upande mmoja, na neno lako tupu upande mwingine. Kesi itapelekwa Turku."

"Kama ni lazima tuende Turku, tutaenda Turku. Nimetembea mbali kuliko pale."

"Ukifika Turku hakuna kesi. Muda wake umekwisha. Utapoteza kila kitu."

Mama Maombi alilitazama goti lake. Nje, watoto walikuwa wakipigana kwa theluji iliyoanza kuyeyuka, wakizomeana kwa Kiswidi.

"Basi ipotee," alisema. "Goti ni yangu. Kesi ni yangu. Hizo naweza kutupa. Ile ingine haiko yangu, siwezi kuitoa."

"Hata kwa wakili wako?"

"Maître Hortense ni mutu muzuri. Umwambie sikumudanganya. Na umwambie asiniulize."

Lameck alimaliza chai kwa heshima. Alikuwa amewaona watu wakidanganya ili washinde, na wengine wakidanganya ili wasishindwe vibaya. Mtu aliyekuwa tayari kushindwa huku ameishika kweli mdomoni, huyo alikuwa hajamwona bado. Alipokuwa akishuka kwenda kituoni alijua mambo mawili: Turku aliumia mtu mwingine, na mtu huyo bado alikuwa na jambo la kuogopa.

Kesho yake alipanda treni ya juu hadi Jakobsberg, kumtafuta Deusdedit. Huyu alikuwa Mhaya wa Bukoba, fundi wa sauti, ambaye husafiri na kwaya, na vyombo vyake huvihifadhi kwenye stoo ya chini ya ardhi karibu na kituo. Walikwenda pamoja hadi kwenye uwanja wa tamasha. Nyasi zilikuwa zimelala chini ya barafu chafu, lakini Deusdedit alikumbuka kila kitu mahali pake, akatembea akionyesha kwa mkono: jukwaa hapa, mitambo yake kule mbele, ngazi ya waimbaji nyuma upande wa kulia. Lameck alimfanya aseme yote kwa mpangilio, kisha akamfanya ayaseme tena kuanzia mwisho, kama alivyozoea kuwafanyia mashahidi.

"Kidato kipi kilichomoka?"

"Cha juu kabisa."

"Kilikuwa kizima asubuhi?"

Deusdedit alicheka kwa pua. "Kizima kitoke wapi? Kilikuwa kimefungwa na mkanda wa plastiki, ile ya kufungia nyaya. Pini yake ilikatikia Turku."

Lameck alisimama. "Turku?"

"Ndiyo. Kidato kilekile. Turku kilichomoka, wakakirudishia. Hapa nilimwonyesha fundi wao, nikamwambia, bwana, kamba hiyo haibebi mtu. Akasema itashika, ni nyimbo chache tu."

"Mbona haya hukumwambia mtu?"

"Aliyekuja kuniuliza kabla yako aliuliza ya Jakobsberg tu. Nikajibu ya Jakobsberg."

Lameck alivuta pumzi. "Haya. Turku nani alianguka?"

"Mama Maombi."

Lilikuwa jibu ambalo hakulitaka. "Ulimwona?"

"Mie nilikuwa mbele, kwenye mitambo. Nikasikia kishindo nyuma. Baadaye kila mtu akasema ni mama, mama kapelekwa hospitali. Basi nikajua ni mama."

"Kwa hiyo hukumwona akianguka. Mlirudi lini Stockholm?"

"Kesho yake, kwa meli."

"Nani aliingiza spika melini?"

"Sote tulibeba. Lifti ilikuwa imejaa watu na masanduku. Mama Maombi alipandisha spika moja peke yake kwa ngazi. Nilimtania, nikamwambia mama, ukichoka kuimba njoo nikuajiri…"

Lameck alimwacha aifikie hoja mwenyewe.

"Goti lenye ufa," Deusdedit alisema polepole, "halipandishi spika ngazi za meli."

"Na hapa Jakobsberg, kabla ya kuanguka?"

"Aliwaongoza kuingia wakicheza. Mama yule akicheza, mbao zinajua. Hakuwa mgonjwa hata kidogo."

"Basi kwenye meli, nani alikuwa hawezi kutembea?"

"Kulikuwa na msichana mmoja kwenye kiti cha magurudumu cha meli. Amejitanda kitenge mpaka usoni. Walisema bahari imemchafua tumbo." Akatikisa kichwa. "Na bahari siku ile ilikuwa imetulia kama maji ya beseni. Sikuwaza. Mtu huwazi mambo ya watu, unabeba mizigo yako."

"Msichana yupi?"

"Uso sikuuona. Haki ya Mungu."

Lameck alimwamini. Alipiga picha za uwanja, ingawa hapakuwa na cha kuona, akamshukuru, akarudi kituoni. Wasichana wa kwaya hawakuwa wengi. Angeweza kumwuliza mmoja mmoja, lakini siri iliyohifadhiwa miaka yote hiyo na kwaya nzima haingefunguka kwa maswali. Aliamua kwenda kutazama tu.

Jumamosi mchana kwaya ilifanya mazoezi Alby, kwenye ukumbi wa chini wa jengo la jumuiya. Kuufikia ukumbi ilibidi kushuka ngazi ndefu ya zege. Lameck alifika mapema, akakaa chini karibu na mahali pa kutundikia makoti, kama mzazi anayemsubiri mtoto. Waimbaji walikuja. Vijana walishuka mbio. Wanawake wakubwa walishuka wakizungumza, mkono mmoja ukigusa ukuta. Wasichana wawili waliruka vidato viwili viwili, wakicheka kwa Kiswidi. Nyuma yao akaja msichana wa tatu, mwembamba, mwenye nywele zilizosukwa kwa nyuzi nyekundu. Alisimama juu, akashika reli. Akatanguliza mguu wa kulia ukiwa umenyooka, kisha wa kushoto ukaufuata kwenye kidato hichohicho. Alishuka hivyo ngazi nzima, kwa mazoea, bila kujitazama, kama mtu aliyekwisha sahau kwamba wengine hawashuki hivyo.

Lameck alisikiliza mazoezi mpaka mwisho. Mama Maombi aliwaongoza akiwa kwenye kiti, na fimbo yake ndiyo iliyopiga mapigo sakafuni. Alipowakatisha hakupandisha sauti. Sauti ya kwanza ilipopotea, aliimba ule mstari yeye mwenyewe, taratibu, na ukumbi mzima ukarudi kwenye njia. Alimwona Lameck. Hakumsalimu.

Lameck alimfuata msichana nje, uwanjani, akamwambia jina lake na kazi yake. Naye alikuwa Arielle, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho.

"Goti lako lilipona vibaya," Lameck alisema. "Turku walikuambia upumzike, na wiki moja baadaye ulikuwa umesimama Jakobsberg."

"Vem har sagt det?" Kiswidi kilimtoka kabla hajafikiri. Kisha kwa Kiswahili, akimwita Mama Maombi shangazi kwa Kifaransa: "Nani amekuambia? Tantine?"

"Mama Maombi amekataa kuniambia. Yuko tayari kupoteza kesi kuliko kulitaja jina lako."

Arielle alikaa kwenye benchi.

"Kesi itapotea?" aliuliza.

Lameck alimweleza kuhusu milango miwili, ile ya Sollentuna na ya Turku, na muda uliokwisha. Alieleza kama Hortense alivyomweleza yeye, bila kuongeza chumvi.

"Kibali changu kilikuwa kimekwisha," Arielle alisema. "Nilikuwa naomba kipya, na nilikuwa sina ruhusa ya kutoka Uswidi. Tantine aliniambia nibaki. Nikalia, nikamwambia nyimbo zote najua, nani ataimba sehemu yangu? Akanikubalia. Turku nikaanguka. Fundi wao alinibeba mpaka kwenye gari, tantine akaja na miye. Hospitali wakaomba kadi. Sikuwa na kadi ya matibabu ya Ulaya. Nilikuwa najua wakiandika jina langu, Uhamiaji watajua nilitoka. Tantine akaweka kadi yake juu ya meza."

"Na kidato ulichoanguka nacho?"

"Kile cha juu, nyuma. Ni kile kilimuangusha yeye." Aliyashika magoti yake yote mawili. "Saa hii nina kibali cha kudumu. Nimeomba uraia, nangoja jibu. Wakisoma kwamba nilidanganya, wanaweza kukataa. Tantine amenikataza kufungua mdomo. Alisema goti lake limekwisha vunjika, na maisha yangu hayatavunjika juu yake."

Lameck alisimama. Angeweza kumsukuma wakati ule, na angekubali, hilo aliliona. "Nilikuja kujua, na sasa najua," alisema. "Nitamwambia wakili peke yake, na hatakuita bila ridhaa yako. Uamuzi ni wako, binti. Mtu asikudanganye kwamba ni mwepesi."

Hortense aliisikiliza ripoti akiwa amesimama dirishani. Lameck alipofika kwenye mkanda wa plastiki, aligeuka.

"Rudia hapo."

"Pini ilikatikia Turku. Kidato kilekile kilimwangusha msichana. Fundi wao ndiye aliyembeba. Wiki moja baadaye wakaja nacho Jakobsberg kimefungwa kwa mkanda."

"Kwa hiyo walijua." Hortense alirudi mezani, akaichukua ile nakala ya hospitali kwa ncha za vidole. "Wametuletea wenyewe ushahidi kwamba walijua. Wameupiga muhuri na kuulipia posta." Akaiweka chini. "Lakini karatasi hii inazungumza tu kama msichana atasema ni yeye. La sivyo, ni kisu chao."

"Tumwandikie amri ya kufika?"

"Hapana. Mama amelinda mtu kwa gharama ya fidia ya mguu wake. Siwezi kumshindia kwa kumvunjia hilo." Alikaa. "Tutakwenda na tulichonacho. Deusdedit atasema ya spika na ya mkanda. Pengine jaji atatosheka."

Lameck alijua kwamba pengine hatatosheka, na Hortense alijua vilevile. Lakini alimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa kesi zote alizowahi kumwona akishinda.

Kikao kilikuwa cha jambo moja tu: je, mahakama hii ina mamlaka? Chumba kilikuwa kidogo, chenye mbao nyeupe na madirisha yanayotazama reli za Sollentuna. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo aliyesikiliza akiwa ameegemeza kidevu mkononi. Wakili wa kampuni, mwanamume mrefu aliyetoka Helsinki, alizungumza Kiswidi safi cha watu wa Ufini, bila dharau wala papara. Alieleza kwamba haombi chochote isipokuwa kila kesi ifike mahali pake. Akainua nakala ya hospitali.

Deusdedit alisimulia ya spika na ya mkanda. Wakili wa kampuni alimwuliza swali moja: "Ulimwona mtu mwingine yeyote akianguka Turku?" Deusdedit alisema hapana. Wakili akashukuru, akakaa.

Jaji alimgeukia Mama Maombi, mkalimani akiwa pembeni yake. "Je, ulitibiwa goti katika hospitali ya Turku?"

"Hapana."

"Karatasi hii ina jina lako. Inamhusu nani?"

"Siwezi kusema."

"Unaelewa kwamba nisipojibiwa, huenda nikalazimika kuiamini karatasi?"

Mama Maombi alimngoja mkalimani amalize. "Ninaelewa, Mama Jaji. Na mimi ningeiamini."

Ndipo Hortense akasimama. "Kuna mtu aliyenipigia simu asubuhi hii. Sikumwita, na mteja wangu hajui kwamba yupo. Anasubiri nje, anaomba asikilizwe."

Wakili wa kampuni alipinga, kama ilivyompasa. Jaji alifikiri kidogo, akamwambia mhudumu afungue mlango.

Arielle aliingia amevaa koti jeusi, nywele zimefungwa nyuma. Mama Maombi alipomwona alishika fimbo kwa mikono miwili. "Toka," alimwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Mkalimani hakulitafsiri neno lile.

Arielle alikaa kwenye kiti cha mashahidi. Alizungumza Kiswidi, bila mkalimani, akitazama mbele. Alisema jina lake. Alisema karatasi ile ni yake, jina ndilo la mwingine. Alisema kibali chake kilikuwa kimekwisha na kwamba aliogopa. Akakunja suruali mpaka juu ya goti la kulia, akamwonyesha jaji kovu.

Wakili wa kampuni aliinuka taratibu. Sauti yake haikuwa na ukatili. "Kwa hiyo uliidanganya hospitali, na ulivunja masharti ya Idara ya Uhamiaji. Idara yenyewe inalijua hilo? Au unategemea jambo hili libaki ndani ya chumba hiki?"

"Wanajua," Arielle alisema. "Niliwaandikia wiki hii. Hospitali pia. Nilitaka walisikie kwangu kabla ya kulisikia kwenu."

Wakili aliinamisha kichwa, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, akakaa.

Hortense alikuwa na maswali mawili tu. "Turku, nini kilichomoka chini ya mguu wako?"

"Kidato cha juu cha ngazi ya nyuma."

"Na nani wa kampuni alikiona?"

"Fundi wao. Ndiye aliyenibeba."

"Sina zaidi."

Lameck alikuwa akimtazama wakili wa kampuni, kwa hiyo aliuona wakati wenyewe alipong'amua. Mtu yule aliangalia nakala ya hospitali mbele yake, ile aliyoileta mwenyewe, na polepole akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

Jaji alitoka, na hakukawia. Aliporudi alisoma uamuzi wake kwa sentensi fupi: aliyeumia Turku si mdai, madhara yanayodaiwa yalitokea Jakobsberg, kesi itasikilizwa hapa, kwa sheria ya hapa. Mkalimani alinong'ona. Mama Maombi aliitikia kwa kichwa mara moja, bila kutabasamu.

Watu walianza kuinuka. Wakili wa kampuni alikuwa amekwisha mfikia Hortense, akimwomba maneno machache koridoni, na Hortense akimjibu kwa sauti yake ya chini kwamba atamsikiliza akishamsikiliza mteja wake kwanza. Mama Maombi alibaki amekaa. Arielle alikuja, akasimama mbele yake.

"Nilikukatazaka."

"Ndiyo, tantine."

"Uraia yako ikikataliwa?"

"Nitaomba tena."

"Na ile ya pili ikikataliwa?"

"Nitaomba tena, tantine. Miguu bado ninayo, hata kama moja ni mbovu."

Mama Maombi alimtazama juu mpaka chini, kama anavyomtazama mwimbaji aliyeingia mapema kabla ya wengine lakini akaingia kwa noti iliyo sawa.

"Nitakukasirikia nyumbani," alisema. "Hapa kuna watu."

Akanyoosha mkono, msichana akamvuta, na akasimama.